Mwendo wa Saa Tano

Bwana arusi aliingia nyumbani kwangu akiwa ameshikwa mkononi na binamu yake.

Sisi wanawake tulikuwa tumefunga lango, kama ilivyo ada kwetu Wakikuyu wageni wanapokuja kuomba msichana. Wao huimba nje, sisi huimba ndani, tunawatania kidogo, kisha tunafungua. Jumamosi hiyo waliimba vizuri, siwezi kuwanyima sifa hiyo. Kupitia tundu la lango niliona wazee wenye makoti, akina mama wenye vilemba, na mbuzi wawili waliochoka kuvutwa. Nilitafuta sura ya Kuria, bwana arusi, katikati yao, nisiione.

"Mwenye shughuli yuko wapi?" niliuliza.

"Yuko hapa, Cucu," kijana mmoja mrefu akajibu, akiniita nyanya kwa lugha yetu. Jina lake Karanja. Nilimjua, maana ndiye aliyekuwa akituletea mizigo ambayo Kuria alimtumia mjukuu wangu kutoka Dubai. Aliinua simu juu ya vichwa vya watu. Kwenye kioo alikuwemo Kuria, amevaa suti, shati jeupe na kofia nyeusi iliyoshuka hadi kwenye nyusi.

"Cucu, habari ya siku nyingi. Mnanisikia?"

Rafiki yangu Peres alisogea karibu na tundu. Tulikuwa majirani hapa Mountain View miaka mingi kabla hajarudi kwao Butere.

"Wanjugu, macho yangu yameharibika ama huyu mtu ni mdogo hivi?"

"Yuko Dubai," nikamwambia.

"Hilo najua. Kwani Dubai hawauzi tiketi?"

Mama yake Kuria alijipenyeza mbele. Wao ni watu wa Muthangari, wenye nyumba za kupangisha, na alipolitazama lango langu niliona analihurumia.

"Tufungulieni, jua linatuchoma," alisema. "Kijana ana kazi kubwa, hawezi kuja ovyo. Dubai si Kangemi. Ni saa tano angani."

"Mimi nimetoka Butere na basi," Peres akamjibu. "Tuliondoka jua likizama, tukaingia Nairobi likichomoza. Goti langu limekuwa kama boga. Na mimi sioi mtu."

Wanawake walicheka. Hata mzee mmoja wa upande wao alicheka, akajifanya anakohoa. Tukafungua lango.

Niliwaacha wageni wakionyeshwa viti chini ya hema, nikaingia chumbani. Waringa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amesukwa, amependeza, mikono ameilaza magotini.

"Amefika?" akaniuliza.

Nilitafuta neno laini nisilipate. "Amekuja kwa simu."

Alitazama dirisha, kisha akatazama viganja vyake. Kuria alikuwa amemwambia Jumatano kwamba likizo imekuwa ngumu, lakini mjukuu wangu alijiambia kwamba huo ni mzaha, kwamba mtu atatokea Jumamosi langoni akiwa na mfuko begani na kicheko. Nilijua hivyo kwa sababu alikuwa amenifulia shuka za kitanda cha wageni bila kuambiwa.

Miaka minne alimngoja. Siwezi kusema hakupendwa. Kabla ya Dubai, Kuria alikuwa akimngoja nje ya hospitali ya Parklands anakofanya kazi, wanashuka mjini, wanazunguka pale Moi Avenue wakitazama maduka, kisha wanarudi kwa miguu hadi hapa Mountain View ili maneno yasiishe. Viatu vimejaa vumbi la Waiyaki Way, na kijana anasema hajachoka. Nilikuwa nikimpa chai, anakunywa amesimama, macho kwa Waringa. Huyo nilimpenda. Nilidhani ndiye aliyekwenda Dubai, na ndiye angerudi.

Kiarie, mwanangu, baba yake Waringa, alichungulia mlangoni.

"Mama, mfunikeni atoke. Watu wamekaa."

"Kiarie, huyu kijana hakuja."

"Wazee wake wamekuja. Inatosha." Akateremsha sauti kana kwamba binti yake hasikii. "Ana miaka thelathini na mmoja. Akimkataa huyu, atampata wapi mwingine? Tumalize leo, mwezi ujao amfuate huko."

Waringa alisimama. "Nifunike, Cucu," akasema. "Nataka nimwone akinichagua."

Tunayo michezo yetu, nanyi mnaijua. Wasichana watano hufunikwa leso kuanzia kichwani, wanakaa kwenye benchi, na bwana arusi anatakiwa amtambue wake. Anayependa hutambua. Hutambua mabega, namna ya kukaa, hata pumzi. Akikosea hutozwa mbuzi, watu wanacheka, mambo yanaendelea.

Waringa alikaa wa tatu. Wa tano, mwishoni, alikuwa Shiko, binti wa mwanangu mdogo.

Karanja alipita mbele ya benchi akiwa ameinyoosha simu kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyebeba uji uliojaa.

"Songa," Kuria akaamuru ndani ya simu. "Songa tena. Huyu hapana, ni mnene. Songa."

Mnene ndiye alikuwa wa tatu.

Nilimwona Karanja akisimama hapo. Hakusonga. Aliishikilia simu mbele ya leso ile, akaiinamisha kidogo ionyeshe mikono iliyolala magotini, akangoja. Ulikuwa wema mkubwa kwa binamu yake, na binamu hakuuona.

"Karanja, mbona umekwama? Netiweki? Songa bwana."

Karanja akasonga. Wa nne. Wa tano.

"Ndiye huyo," Kuria akasema, akacheka kwa furaha. "Mlidhani mtanichezea? Nimeona viatu. Hivyo viatu nilivinunua mimi, huku."

Shiko akatoa leso kichwani. "Sasa, shemeji," akasema.

Hema lilicheka hadi mbuzi wakashtuka. Peres alijipiga paja la mguu mzima. Mama Kuria alisema kamera ya simu si nzuri. Katikati ya kelele hizo Waringa aliishusha leso yake mwenyewe, bila kungoja afunuliwe, akaitazama simu.

"Viatu vilikuwa vidogo, Kuria."

"Hukuniambia, mpenzi."

"Nilikuambia mara mbili. Ukasema nitavizoea."

"Basi, basi. Mbuzi wa faini mtaletewa, nitatuma. Mama, waambie waendelee, niko na mkutano baadaye."

Shemeji yangu Mungai, ambaye ndiye msemaji wetu, alikuwa amekaa kimya hadi hapo, fimbo katikati ya magoti. Ni mtu mpole. Huongea na watoto na matajiri kwa sauti moja.

"Kijana," akasema. "Katika boma hili, anayekuja kuomba msichana huvua kofia."

"Guka," Kuria akasema, akimwita babu, "huku kuna baridi. Ni mashine za hewa."

"Sisi pia tuna baridi wakati mwingine. Vua tu."

"Mzee, kwani ni lazima?" Mama Kuria akaingilia. "Yuko nchi ya watu."

"Amekuja kwangu. Alinisalimia akiwa kwenye lango. Kama ameingia, avue," nikasema.

Kuria alitazama pembeni, akatazama juu. Kisha akavua.

Sehemu yote ya mbele ya kichwa ilikuwa nyekundu, imejaa vitone vilivyopangwa kwa mistari kama kitalu cha sukuma wiki siku chache baada ya kumwagiwa mbegu. Nywele zilikuwa zimechipuka hapa na pale, nyingine hazikuwa na habari.

"Pole," Mungai akasema kwa huruma ya kweli. "Ulianguka?"

"Ni matibabu tu, Guka."

"Uliungua?"

"Hapana. Ni matibabu."

Shiko alikuwa ameinama mbele, mkono mdomoni. "Hizo ni nywele," akasema polepole. "Aki huyu alienda kuwekewa nywele. Hiyo ni Istanbul."

Waringa akageuka. "Istanbul?"

"Watu huenda huko. Wanatolewa nywele nyuma, wanapandiwa mbele. Simu yangu imejaa hayo matangazo."

Nilimwona mjukuu wangu akiwaza. Alikuwa na sura ile ya mtu anayepima dawa, hana haraka, hataki kukosea. Akasimama kutoka kwenye benchi, akaenda hadi mbele ya Karanja, hata uso wake ukawa sambamba na simu.

"Mwezi uliopita uliniambia kampuni imekutuma Istanbul. Maonyesho ya vigae."

"Kulikuwa na maonyesho pia."

"Nami nikakuombea safari njema. Kutoka Dubai hadi Istanbul ni mwendo gani?"

"Waringa, hayo tutaongea wawili."

"Ni mwendo gani angani?"

"Ni kama... saa tano hivi. Tano kasoro."

"Na Dubai hadi Nairobi?"

Hapo netiweki haikusumbua. Tulimwona vizuri akifunga mdomo na kuufungua.

"Saa tano," akasema.

"Ni saa tano," Waringa akarudia. Hakupaza sauti. "Miaka minne ninaambiwa ni mbali. Mama yangu wa ubatizo amezikwa, ni mbali. Krismasi, ni mbali. Mimi nikikaa zamu ya usiku wodini, wenzangu wakiniuliza mchumba wako anakuja lini, nawaambia jamani, ni mbali. Nilikuwa nakutetea. Kumbe umbali si tatizo. Ukitaka kitu unapanda ndege."

"Sasa mwanamume akijitunza ni kosa?" Mama Kuria alisimama, mkoba kifuani. "Wewe unajua ni wasichana wangapi wanamtaka huyu? Wa hapa, wa huko, wenye digrii mbilimbili. Tumekuja hadi huku, nyuma ya Kangemi, tumekaa kwenye viti vya plastiki, na bado tunaulizwa maswali kama polisi."

"Viti vina shida gani?" Peres akamuuliza. "Vimekukataa?"

"Sikuwa naongea na wewe, mama."

"Ndiyo, lakini mimi nilikuwa nasikia."

Kiarie alikuwa ameinuka. Nilidhani atamkemea binti yake. Alisimama tu, mikono imening'inia, akimtazama Waringa kana kwamba amemwona kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima.

Waringa hakumgeukia mama huyo. Aliendelea kuitazama simu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imelainika. Mimi ninayemjua tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, nilisikia jinsi alivyokuwa bado anampenda, na nikaumia.

"Kuria, nisikilize. Sitaki tugombane mbele ya wazee. Kuna ndege leo jioni. Hema haliondolewi hadi kesho, na hawa wazee, nikiwaomba, watarudi. Panda uje. Kaa kwenye kiti hiki saa moja, uombe kwa mdomo wako, urudi kazini. Na uje na kichwa hicho hicho. Mimi sitacheka. Nilikupenda ukiwa na kipara kinachoanza, nilikiona kabla yako."

Mama Kuria aliketi. Karanja aliisogeza simu karibu na Waringa kidogo, akaishikilia hapo.

Ninasema ukweli, wakati huo nilimwombea Kuria. Nilimwomba Mungu ampe neno moja. "Nakuja," basi. Hata angedanganya.

Kuria alikuna shavu. Kichwa hakukikuna.

"Mpenzi, elewa. Daktari alisema kichwa kisipigwe na jua mwezi mzima. Jua la Nairobi ni kali."

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa alichosema. Peres ndiye aliyetangulia.

"Na la Dubai?" akauliza. "Huko jua huwashwa na swichi?"

Hapo hata wazee wao walishindwa. Msemaji wao, Mzee Ndegwa, mtu wa makamo aliyevaa tai nzuri, aliinamisha kichwa akajifuta macho kwa kitambaa, na sikuweza kujua kama anacheka ama ni aibu. Kicheko hicho hakikuwa kizuri. Hakikuwa kile cha viatu. Kilikuwa kicheko ambacho mtu hufungia nacho mlango.

Waringa hakucheka. Alikuwa ameahidi.

Mungai aligonga fimbo mara moja chini, watu wakatulia. Alikuwa amefika kwenye swali ambalo bila hilo hakuna msichana wetu anayetolewa, hata baba yake apende namna gani.

"Waringa, mwanangu. Unawajua watu hawa? Walichokileta, tukipokee?"

Nilimtazama Kiarie. Alikuwa ametazama chini.

"Guka, hawa wazee nimewajua leo, nawashukuru," Waringa akasema. "Waliacha kazi zao, wakavaa vizuri, wakaja na miguu yao. Mama Kuria pia ninamshukuru, amekaa kwenye kiti kisichompendeza kwa ajili ya mtoto wake. Lakini huyo wa kwenye simu simjui. Nilimjua mwingine. Msipokee."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Waringa, usifanye ujinga," simu ikasema. "Karanja, mpe Mama simu. Nani ameshika simu? Karanja."

Mama Kuria alianza kusema habari za heshima, za watu waliosoma, za wasichana watakaozeekea kwenye wodi za watu. Hakumaliza. Kiarie alipita katikati ya viti, akaenda hadi kwenye nguzo ya hema walipofungwa mbuzi. Alifungua kamba ya kwanza, akafungua ya pili, akamletea Mzee Ndegwa zote mbili mkononi.

"Samahani, mzee," akamwambia. "Hawa ni wenu. Wapeni maji kabla ya kuondoka, hapo nyuma kuna mfereji."

Ndivyo mwanangu alivyomwomba binti yake msamaha. Waringa alielewa. Nilimwona akivuta pumzi.

Wageni walianza kukusanya mikoba. Hapo ndipo nilipoinuka mimi.

"Chakula ni changu," nikasema. "Nimekipika tangu jana, na hakuna aliyewahi kutoka langoni kwangu na njaa, awe amepewa msichana ama hakupewa. Kaeni mle. Mama Kuria, nawe ukitaka."

Yeye hakutaka. Alikwenda kukaa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Nilimpelekea sahani huko huko. Aliikataa kwa mkono, kisha dereva wake aliniambia ilirudi tupu.

Wazee walikaa. Mzee Ndegwa alimshika Waringa mkono akamwambia jambo ambalo sikulisikia, na Waringa akaitikia kwa kichwa. Karanja peke yake ndiye aliyebaki amesimama mbele ya benchi, simu mikononi, Kuria ndani yake akiongea, akitaka huyu, akimwita yule.

"Nikate?" Karanja akamuuliza Waringa, kwa sauti ya chini.

"Usimkatie. Atakata akichoka." Alikuwa amemwekea sahani ya irio na nyama, na alipoinyoosha nikaona mikono yake imeanza kutetemeka, sasa ambapo hakukuwa na mtu wa kumtazama. "Wewe umesimama tangu asubuhi. Weka hiyo simu chini ule."

Karanja aliilaza simu mezani, kioo kikitazama juu. Akaipokea sahani kwa chini, mikono yake ikiwa chini ya ile ya Waringa, akaishikilia hivyo bila kuivuta, akitazama kando kwenye maua yangu kana kwamba hajaona lolote, hadi ile mikono ilipotulia. Kisha akasema ahsante, akaenda kukaa na wazee.

"Hello?" Kuria akasema mezani. "Waringa? Mbona naona hema tu? Kuna mtu hapo?"

Peres alikuwa amefika kwa kuchechemea, amebeba bakuli kubwa la mchuzi, na meza ilikuwa imejaa. Aliitazama ile simu, akaisukuma pembeni kwa kiwiko, akaliweka bakuli mahali pake.